Bosi kasema tufute neno "ujumuishaji" kwenye makaratasi, je na ofisini tufute? (uzi mrefu kidogo, mnivumilie)

MwanaYumbe:
Wadau habari za jioni. Naandika kutoka Yumbe, West Nile, huku kaskazini magharibi mwa Uganda, niko kwenye shirika moja hivi jina mtanisamehe, kazi yetu ni kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi na vijiji vya wenyeji vinavyoizunguka. Juzijuzi nimepewa kuongoza timu ya huku chini na ndo maana naleta hili kwenu.

Zamani tulikuwa na sera ya utofauti, usawa na ujumuishaji, kurasa nyingi kweli, bango ukutani na warsha hotelini Kampala na posho ya safari na picha za pamoja. Basi Januari 2025 rais mpya wa Marekani siku ileile ya kuapishwa akasaini amri ya kufuta programu hizo kwenye serikali yake, misaada ya nje nayo ikasimamishwa, mpaka ilipofika Julai USAID yenyewe ikafungwa. Makao makuu yetu wakaogopa, ikaja barua pepe kwamba maneno hayo yatolewe kwenye proposali na ripoti zote. Bango likashushwa. Na jambo lililonishangaza ni kwamba HAKUNA KILICHOBADILIKA. Kikao ni kilekile, wanaoongea ni walewale, wanaopandishwa cheo ni walewale, wa kunyamaza wamenyamaza vilevile. Sasa najiuliza, ile sera muda wote ilikuwa inafanya kazi gani?

Mimi naona ujumuishaji ofisini haukai kwenye sera, unakaa kwenye vitu vidogo ambavyo kiongozi anaamua kila wiki bila hata kufikiri: kikao ni saa ngapi, kinaendeshwa kwa lugha gani, tangazo la kazi linadai nini, nani anatumwa semina nani anaachwa kulinda ofisi. Mfano kikao chetu cha wiki kilikuwa Ijumaa saa saba mchana, hapa Yumbe ambapo wengi ni Waislamu! Miaka imepita watu wanatoroka kikao kwenda swala au wanakosa swala, alafu ripoti inasema wafanyakazi wenyeji hawana moyo wa kazi. Nimekihamishia Alhamisi asubuhi, haikugharimu hata shilingi.

Sasa kilichonileta hasa. Tuna nafasi moja ya msimamizi msaidizi wa mradi. Tangazo limetoka Kampala linadai digrii, Kiingereza kizuri cha kuandika, uzoefu wa miaka mitano shirika la kimataifa na LESENI YA PIKIPIKI. Wanaoifanya hiyo kazi leo ni watu watatu wanne wa kambini na kijijini ambao hatuwaiti hata wafanyakazi, wanapewa kaposho mwisho wa mwezi, ndo wanaojua nani kajifungua, nani kagombana na mwenyeji kwa ajili ya kuni, bomba gani limekufa. Kwa tangazo lile hata mmoja wao hafiki shotilisti. Nataka nilibadilishe, ila najua nitaambiwa nashusha viwango. Mlio na uzoefu wa uongozi semeni.

MtaaWaNtinda:
Dada pole na hongera kwa cheo. Mimi niko benki Kampala na nitakuwa mkali kidogo. Kazi apewe anayeiweza, basi. Ukianza kuangalia huyu mkimbizi huyu mwanamke huyu wa kabila gani, utamaliza na ofisi ya huruma. Angalia Makerere, tangu 1990 wasichana waliongezewa pointi 1.5 za kuingilia, nia nzuri sikatai, lakini mpaka msichana aliyeingia kwa maksi zake safi anaambiwa na wenzake "wewe ni wa moja nukta tano". Hiyo ndo zawadi ya upendeleo. Alafu tuseme ukweli, hapa Uganda ukitamka hayo maneno matatu watu wanafikiria sheria ya 2023 ya kupinga ushoga na Benki ya Dunia kusimamisha mikopo mipya Agosti ile, yaani yanasikika ni ya wazungu kutubana. Bosi wako hana kosa kuyaogopa.

Mzee_wa_Faili:
Mwanangu wa Ntinda, shikamoo hujanipa lakini marahaba. Nimekaa idara za utumishi serikalini mpaka nywele zimeisha, ngoja nikuambie haya mambo hayakuja na ndege.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 21, imekataza kubagua mtu kwa jinsia, rangi, kabila, dini, hali ya uchumi, siasa au ulemavu. Ibara ya 32 inakwenda mbele zaidi, inaiamuru serikali iwainue waliorudishwa nyuma kwa jinsia, umri, ulemavu au sababu yoyote iliyoletwa na historia, mila au desturi. Historia! Watu walioiandika walikuwa wametoka kuiona nchi ikivunjika mikononi mwao, utawala mmoja jeshi limejaa hawa, utawala mwingine wale wanalipiza. Alafu Sheria ya Ajira 2006 ikapeleka katazo hilo mpaka kwa mwajiri binafsi na kuongeza hali ya VVU. 2007 ikaja sheria ya Tume ya Fursa Sawa, mtu akibaguliwa anapeleka lalamiko pale. Na tangu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015, bajeti ya wizara inapimwa kwanza kama imewafikiria wanawake, wazee, walemavu, wilaya za pembeni, ndipo inapewa cheti. Hizo zote ni za hapahapa. Mmarekani akizima taa yake huko, zetu zinaendelea kuwaka, shida ni nani anazisoma.

Sasa kuhusu "apewe anayeiweza". Unajua matangazo mangapi nimeyaona yameandikwa mtu akiwa ameshapatikana? Tangazo linashonwa kama suti ya harusi, vipimo vya bwana mmoja, wengine wote likiwabana kwapa wanaambiwa hawana sifa. Uzoefu wa miaka mitano shirika la kimataifa, nani anao huo isipokuwa aliyeingizwa na mjomba wake miaka sita nyuma? Hicho ndicho kiwango unachokilinda.

MtaaWaNtinda:
Shikamoo mzee 😂 nimekosa adabu. Lakini bado, kujuana kupo na dawa yake ni kufuata sifa kweli, si kuongeza makundi.

Magongo:
Nimesoma nimefika kwenye leseni ya pikipiki nikacheka peke yangu.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni, polio. Nina diploma ya maendeleo ya jamii. Matangazo niliyoyaacha kwa ajili ya huo mstari wa leseni siyahesabu. Na kazi zenyewe ukiziangalia ni kuandika ripoti, kupanga ratiba, kusikiliza watu, safari ni mara chache na dereva yupo! Ule mstari mtu alinakili tangazo la zamani, na huyo wa zamani alinakili la kabla yake. Hakuna aliyekaa akasema tuwakatae walemavu, ila tumekataliwa. Dada zangu wengi vilevile, wangapi huku kwetu wamefundishwa kuendesha pikipiki?

Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 ipo na bungeni tuna viti vitano, NUDIPU, umoja wetu wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, wapo tangu 1987, kwa hiyo msituambie hatusikiki. Tunasikika sana, hasa siku ya warsha, tunapigwa picha mbele. Kikao cha kugawa kazi ndo kinafanyika ghorofa ya pili.

Ndugu wa Ntinda unasema apewe anayeiweza. Sawa kabisa. Basi tuache tuingie mlangoni uone nani anaiweza.

MpitanjiaBusia:
Salamu kutoka mpakani, mguu mmoja Kenya mmoja Uganda. Huku upande wa pili sheria ya uwiano ya 2008 inasema taasisi ya umma isizidishe theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kwenye karatasi tamu sana. Bunge lenyewe lilishindwa kutunga sheria ya kutimiza hiyo ya jinsia mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais avunje bunge, na halikuvunjwa.

Na kabila je? Watu ni wajanja. Ukihesabu ofisi nzima unakuta makabila yote yapo, hongera. Sasa tenganisha, angalia walinzi, madereva, wapishi, wafagiaji, alafu angalia wanaosaini hundi. Utaona mchanganyiko wote uko getini na jikoni. MwanaYumbe ukipeleka ripoti kwa wakubwa wako usihesabu vichwa tu, hesabu kwa ngazi ya mshahara.

MwanaYumbe:
@MpitanjiaBusia umenigusa, ripoti yetu ilikuwa inasema "asilimia kubwa ya timu ni wenyeji na wakimbizi" kumbe tulikuwa tunahesabu na wale wa kaposho.

@MtaaWaNtinda kaka, sikatai hofu yako ya pointi 1.5. Ila mimi siongezi mtu maksi, nataka kuuliza swali la mtihani lenyewe linapima nini.

DiwaniMama:
Mimi ni diwani wa kiti cha wanawake, wilaya siitaji. Theluthi moja ya halmashauri ni wanawake kwa katiba, na kila wilaya ina mbunge mwanamke. Nchi hii ilitoa makamu wa rais mwanamke 1994, mama Specioza Kazibwe, wakati wengi Afrika bado walikuwa wanabishana. Rebecca Kadaga akakalia kiti cha spika kuanzia 2011 mpaka 2021, naye aliingia bungeni kama mbunge mwanamke wa Kamuli. Kwa hiyo viti maalum vinafungua mlango, atakayeniambia havina kazi tutakosana.

Lakini vina mtego wake na nimeukanyaga. Nilitaka kugombea kiti cha kawaida, wazee wakaniita kwa upole kabisa, "mama, hicho ni cha wanaume, nyinyi mna chenu". Chenu! Yaani mlango uliowekwa ili tuingie umegeuka chumba cha kutufungia. Na ndani ya baraza sasa, ikiundwa kamati ya barabara na kandarasi majina yanasomwa haraka haraka, ikifika kamati ya mapokezi ya wageni wote wananigeukia mimi. Nilikaa hivyo nusu ya kipindi. Siku moja nikasema sitapokea mgeni yeyote mpaka niwe kamati ya fedha, wakacheka, mgeni akaja kweli hakuna chai hakuna maua, mwenyekiti jasho linamtoka 😂 sasa niko fedha.

Ushauri wangu mwanangu, ukishamwajiri huyo mtu wa kambini angalia unampa nini mkononi. Ukimpa cheo bila bajeti na bila sahihi, umemweka pambo.

MwanaKivu:
Bandugu, mie niko Nakivale, kambi ya wakimbizi, nilitoka Bukavu, Kongo. Nashukuru Uganda kusema kweli, sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, ndugu zangu walio nchi zingine wamefungiwa ndani ya waya. Lakini ruhusa na kazi ni vitu viwili. Shahada yangu ni ya Kifaransa, inatakiwa kutafsiriwa, alafu ipelekwe Baraza la Taifa la Elimu ya Juu walinganishe, na kila hatua ni pesa na safari ya Kampala, wakati huo mgao wa chakula umepunguzwa. Nilikuwa mwalimu wa sekondari kwetu. Hapa natafsiri vikao vya mashirika, Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, napewa soda na posho. Kijana wa digrii mpya kutoka mjini anakaa mbele anaongea mimi natafsiri, watu wananiuliza MIMI maswali, mimi namjibia, jioni yeye anaandika ripoti na jina lake.

Simlaumu kijana. Lakini dada ukiandika tangazo, weka "digrii au uzoefu unaolingana", na cheti kisicholinganishwa bado mpe mtu muda akilete baada ya kuajiriwa. Na intavyuu, acheni mtu ajibu kwa Kiswahili kama kazi yenyewe ni ya kuongea na watu wa Kiswahili. Kiingereza cha ripoti kinafundishika. Kujua watu hakufundishiki haraka.

Mzee_wa_Faili:
Hapo kwa Kiswahili umesema kweli mwanangu. Katiba ilifanyiwa marekebisho 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri Julai 2022 likakipitisha tena na kusema kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini ofisini mtu akikitumia bado wanamwangalia kama askari amekuja kukamata mtu.

MuuguziArua:
Mnaongelea kuingia, mimi niongelee kubaki. Kuna profesa wa Marekani anaitwa Amy Edmondson, alichunguza timu za hospitali miaka ya 90 akitegemea timu nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa, akakuta kinyume, timu nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi kwenye takwimu. Alipochimba akaona si kwamba wanakosea zaidi, wanaSEMA zaidi. Kule kwa wakali watu wanaficha.

Nimeona kwa macho yangu wodini. Msaidizi mdogo, Mmadi, Kiingereza chake cha kuungaunga, anaona dozi haiko sawa, anaogopa kumwambia daktari kwa sababu wiki iliyopita matamshi yake yalichekwa mbele ya wote. Ukicheka lafudhi ya mtu leo, kesho hatakuambia nyumba inaungua. Kwa hiyo kama timu yako ina Waaringa, Walugbara, Wakakwa, watu wa Sudan Kusini na hao waliotumwa kutoka Kampala, chunga wale wa Kampala wasigeuze kikao kuwa Luganda katikati ya mazungumzo alafu kicheko kinapasuka na nusu ya chumba haijui kimechekewa nini. Mimi bosi wangu wa sasa anafanya kitu kimoja tu, anaanza kuuliza wa cheo cha chini, yeye anaongea mwisho. Mwanzoni ilikuwa kimya cha aibu. Sasa hivi kikao kimekuwa kirefu mpaka tunalalamika 😅

MtaaWaNtinda:
Ok hii ya muuguzi naielewa kuliko sera zote. Lakini si ndo inathibitisha warsha hazifai?

MwanaYumbe:
Kaka hapo tuko pamoja mbona. Kuna watafiti Frank Dobbin wa Harvard na Alexandra Kalev wa Tel Aviv walichambua takwimu za makampuni zaidi ya 800 ya Marekani kwa miaka kama 30, wakaandika 2016 kwamba mafunzo ya lazima ya utofauti hayaongezi wanawake na watu wa makundi ya wachache kwenye umeneja, wakati mwingine yanawapunguza, kwa sababu meneja akilazimishwa anakasirika. Vilivyosaidia ni kumkabidhi meneja mwenyewe mtu wa kumlea kikazi, kwenda kutafuta waombaji kule ambako hamjazoea kutafuta, na kuwa na mtu mwenye jukumu la kuuliza namba zinasemaje. Kwa hiyo bango likishushwa sililii. Ila makao makuu nao warsha wameifuta na hayo mengine hawakuwahi kuyaanza.

Sasa niwape mrejesho maana nimekaa na makao makuu kwa simu leo asubuhi. Nimewapelekea tangazo jipya. Leseni ya pikipiki imetoka, nimeandika "awe tayari kusafiri ndani ya wilaya, usafiri utatolewa". Wakakubali bila kubisha, yule wa HR akasema hata yeye hajui iliingiaje. Uzoefu wa shirika la kimataifa nimeweka "uzoefu wa kazi na jamii, wa kulipwa au wa kujitolea", wakakubali kwa shingo upande. Digrii ndo imekwama. Wanasema mkaguzi akija atauliza kwa nini mwenye cheo hiki hana digrii wakati wa wilaya nyingine wanayo. Nikawasomea ibara ya 32, wakasema hiyo ni ya serikali sisi ni shirika binafsi. Nikawapa Sheria ya Ajira wakasema hiyo inakataza kubagua, haisemi tusidai digrii. Na kusema haki hapo wana hoja.

Tumeishia hivi, "digrii, au diploma pamoja na miaka mitatu ya kazi na jamii". Rafiki yangu mmoja wa kambini mwenye cheti cha sekondari tu bado yuko nje, na ndiye bora kuliko wote, nimeumia. Yeye nimeombea wapandishe malipo yatoke kwenye kaposho yaende kwenye mkataba, hilo bado hawajajibu.

Magongo:
Diploma pamoja na miaka mitatu? Dada unafunga lini maombi 👀

MwanaYumbe:
Haha tangazo litabandikwa wiki ijayo, kambini na msikitini na kanisani na redioni pia, si kwenye tovuti tu. Intavyuu ni ukumbi wa chini, hakuna ngazi.

DiwaniMama:
Na mwenye mtoto anyonyaye mpe saa ya asubuhi. Na usithubutu kuuliza mwanamke anapanga kuzaa lini, siku 60 za kazi za uzazi ni sheria, sio zawadi ya bosi. Mwanaume naye ana siku zake nne, mwambieni, wengi hawajui.

Mzee_wa_Faili:
MwanaYumbe, moja la mwisho kutoka kwangu. Wale wa jopo la intavyuu wape fomu ya alama, maswali yaleyale kwa kila mwombaji kwa mpangilio uleule, na kila mmoja aandike alama zake KIMYA kabla hamjaanza kujadili. Mkianza kujadili kwanza mkubwa atakohoa na wote mtaandika alama za kikohozi chake. Nilipoanza kuitumia, kuna mkuu mmoja alinichukia mpaka akahamishwa.

MtaaWaNtinda:
Mzee hiyo fomu hata mimi naihitaji benki, sitanii.

MwanaYumbe:
Mzee una nakala?

Mzee_wa_Faili:
Ninayo lakini ni ya karatasi, imepigwa taipu. Kesho mjukuu akija nitamwambia aipige picha ailete hapa. Msinidai kabla ya saa kumi, anatoka shule.